Chura Ikulu: Tathmini ya Mchango wa Moustapha Alassane katika Filamu ya Vibonzo ya Kiafrika

1. Utangulizi

Mhakiki anapotathmini kazi ya msanii aliyewatangulia wenzake, mtego wa kwanza unaomkabili ni neno "mwanzilishi". Neno hili huheshimu, lakini papo hapo huzika. Mtu akishaitwa mwanzilishi, kazi zake huorodheshwa, tarehe zake hukaririwa, kisha msomaji huelekezwa haraka kwa wale waliokuja baadaye, kana kwamba yeye alikuwa mlango tu na nyumba yenyewe ilikuwa ya wengine. Hivyo ndivyo ilivyomkuta Moustapha Alassane wa Niger (1942–2015), mtengenezaji wa filamu za vibonzo na za majaribio ambaye jina lake halikosekani katika historia za sinema ya Afrika, ilhali filamu zake zenyewe hazichambuliwi ila kwa nadra.

Makala haya yanakusudia kumtoa Alassane katika kaburi hilo la heshima. Tutadai mambo matatu. Kwanza, kwamba thamani ya kazi yake haitegemei swali la nani alitangulia. Pili, kwamba fanaka yake kuu ni kuihamisha hurafa, yaani ngano ya wanyama, kutoka kwenye kinywa cha mtambaji hadi kwenye kiwambo, pamoja na kanuni zake za kisanaa. Tatu, kwamba uhuru wake wa kiutendaji, wa mtu aliyechora, akachonga, akapiga picha na kuhariri kwa mikono yake mwenyewe, ni sehemu ya fani ya kazi zake na haufai kuchukuliwa kama jambo la wasifu pekee. Baada ya hapo tutaonyesha pale ambapo, kwa maoni yetu, sanaa hii inapungukiwa, hasa katika usawiri wa mwanamke.

Huenda msomaji akauliza: jarida la fasihi lina shughuli gani na filamu za vibonzo? Jibu letu ni kwamba wanafunzi wetu wamefunzwa kuitambua hurafa inapotambwa jioni penye moto au inapochapishwa kitabuni. Inapovaa sura nyingine huwapita bila kutambuliwa. Fasihi simulizi ikiendelea kufundishwa kama jambo lililokoma pale mtambaji wa mwisho alipofariki, basi tutakuwa tunafundisha matanga.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tukubaliane kuhusu istilahi. Kwa "filamu ya vibonzo" tunamaanisha filamu ambamo mchoro, kipande cha karatasi au kikaragosi hupigwa picha moja baada ya nyingine, kikisogezwa kidogo kila mara, hata jicho lidanganyike kuwa kinatembea. Kwa "filamu ya majaribio" tunamaanisha ile inayotafuta njia yake yenyewe ya kusema, nje ya mazoea ya sinema ya biashara.

2. Makuzi ya msanii

Alassane alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ufaransa. Inafahamika kwamba tangu utotoni alikuwa akiwaburudisha wenzake kwa vivuli vya maumbo aliyoyakata mwenyewe. Alisomea ufundi wa mitambo, na taaluma hiyo haikumtoka maisha yake yote, kwani mtu anayeweza kuifungua injini na kuifunga tena haiogopi kamera.

Niger ilipata uhuru tarehe 3 Agosti 1960. Huko Niamey, katika taasisi ya utafiti iliyokuwa na makumbusho, kijana huyu alikutana na Jean Rouch (1917–2004), mwanaethnografia na mtengenezaji wa filamu kutoka Ufaransa, aliyekuwa akiwafunza vijana wa mahali hapo kutumia kamera. Kupitia kwa Rouch alifahamiana na Claude Jutra wa Kanada, na hatimaye akafika Montréal, ambako alikutana na Norman McLaren (1914–1987). McLaren alikuwa bingwa wa vibonzo aliyejulikana kwa kukwaruza na kupaka rangi moja kwa moja juu ya utepe wa filamu, na kwa Neighbours (1952), filamu fupi ambamo watu halisi walipigwa picha hatua kwa hatua kana kwamba ni vikaragosi.

Aliporejea, Alassane hakukawia. Tayari mwaka 1962 alikuwa ametoa Aouré, kuhusu ndoa ya vijana wa Kizarma, na La Bague du roi Koda, inayotokana na ngano ya pete ya mfalme. Mwaka 1965 alikamilisha La Mort de Gandji, filamu ya vibonzo yenye rangi iliyotuzwa katika Tamasha la Kimataifa la Sanaa za Watu Weusi lililofanyika Dakar mwaka 1966. Mwaka huo huo wa 1966 zikafuata Bon voyage Sim na Le Retour d'un aventurier. Baadaye zilikuja FVVA: Femme, Voiture, Villa, Argent (1972), Toula ou le génie des eaux (1973), Samba le Grand (1977) na Kokoa (2001), miongoni mwa nyingine. Kwa miaka mingi alisimamia pia mafunzo ya filamu katika Chuo Kikuu cha Niamey. Mwaka 2007 alitunukiwa nishani ya heshima ya Ufaransa huko Cannes, na mwezi Machi 2015 akafariki dunia jijini Ouagadougou.

Orodha hii inavutia, lakini orodha si uhakiki. Tuingie ndani.

3. Udhaifu wa kigezo cha "wa kwanza"

Mara nyingi husemwa kwamba Alassane ndiye mtu wa kwanza kutengeneza filamu ya vibonzo barani Afrika. Dai hili halisimami. Ndugu Frenkel walikuwa wamekwisha kumwonyesha mhusika wao Mish-Mish Effendi nchini Misri mwaka 1936, na Afrika Kusini ilikuwa na majaribio ya vibonzo ya mapema zaidi. Wanaolitetea dai hujaribu kulipunguza: wa kwanza kusini mwa Sahara, wa kwanza miongoni mwa Waafrika weusi, wa kwanza katika nchi huru. Kila kipunguzo huliokoa dai na papo hapo hulipokonya uzito.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu sinema ya kawaida. Aouré ilitoka mwaka 1962, na Borom Sarret ya Ousmane Sembène mwaka 1963. Je, mwaka huo mmoja unatufunza nini? Unatufunza kwamba Alassane hakumwiga Sembène. Hautuambii kwamba alimzidi. Sembène alijenga sinema ya mapambano ya kitabaka yenye hoja nzito na simulizi la uhalisia. Alassane alikwenda njia nyingine, njia ya kicheko. Kuwapanga hawa wawili katika foleni ya tarehe ni kuipoteza tofauti hiyo ambayo ndiyo hasa inayopasa kutushughulisha.

Kuna tofauti nyingine yenye uzito wa kisiasa. Katika mjadala wao mashuhuri wa mwaka 1965, Sembène alimlaumu Rouch kwa kuwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Lawama hii ni nzito, na mhakiki wa Alassane hawezi kuikwepa, kwa kuwa Alassane alijifunza kutoka kwa huyo huyo Rouch. Je, mwanafunzi alirithi jicho la mwalimu? Tunaona kwamba filamu zenyewe zinajibu. Mwanaethnografia humtazama mtu hadi akawa kiumbe cha kuchunguzwa. Alassane alimchukua kiumbe wa bwawani, akamvika suti, akamkalisha Ikulu, akatulazimisha kujitambua ndani yake. Mwelekeo wa jicho umegeuzwa. Sidai kwamba alikusudia kumjibu mwalimu wake. Nadai kwamba kazi yake, kwa mantiki yake ya ndani, ni jibu.

4. Jamhuri ya vyura: hurafa na tashtiti

Bon voyage Sim ni filamu fupi ya dakika tano hivi, isiyo na rangi zaidi ya nyeusi na nyeupe. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa sentensi mbili. Sim, rais wa jamhuri ya vyura, anaalikwa na rais mwenzake kuzuru nchi jirani, naye anakwenda na kupokewa kwa shangwe. Anaporudi nyumbani anakuta amekwisha kupinduliwa.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki hawezi kukitazama kisa hiki bila kutikisika. Filamu ilitoka mwaka 1966, mwaka ambao Kwame Nkrumah wa Ghana alipinduliwa tarehe 24 Februari akiwa safarini kuelekea Hanoi. Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote wa Uganda alipinduliwa na Idi Amin alipokuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwezi Septemba 1987, Jean-Baptiste Bagaza wa Burundi akapoteza madaraka yake akiwa Kanada, kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa. Niger yenyewe ilikuja kuona mapinduzi mwaka 1974, 1996, 1999, 2010 na 2023. Alassane hakuwa mtabiri. Alichofanya ni kuitambua kanuni: kiongozi anayeipenda fahari ya ugenini kuliko kazi ya nyumbani ameliacha wazi lango lake mwenyewe.

Swali la kifani ni hili: kwa nini vyura? Wapo watakaosema kwamba mnyama ni kinga tu, msanii akiogopa kumtaja mtawala kwa jina. Maelezo haya yana ukweli, lakini ni ukweli mdogo. Hurafa haikubuniwa kwa ajili ya woga. Sungura, fisi na kobe walikuwako kabla ya idara za usalama. Kazi ya mnyama katika ngano ni kumwondoa mhusika katika upekee wake na kumfanya hali, ili msikilizaji aseme, "Huyu namjua," ingawa hajawahi kumwona. Tashtiti inayomtaja mtu hufa pamoja na mtu huyo. Laiti Alassane angemchora rais fulani wa mwaka 1966, leo tungehitaji maelezo ya pembeni ili tucheke. Kwa kuwa alimchora chura, hatuhitaji maelezo yoyote.

Uteuzi wa chura una maana ya ziada kwa msikilizaji wa Kiswahili. Methali yetu husema kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika methali hiyo chura ni mnyonge. Analalama na hakuna anayemjali. Alassane amelipindua jambo hilo. Katika jamhuri yake wote ni vyura: rais ni chura, na umati unaomshangilia ni wa vyura. Hakuna ng'ombe wa kulaumiwa kutoka nje. Hapa ndipo penye ukali wa filamu hii. Fasihi nyingi ya muongo wa 1960 ilimtafuta adui ng'ambo, na haikukosea, kwani alikuwako. Lakini Alassane, miaka sita tu baada ya bendera kupandishwa, alikuwa amekwisha kuelekeza kioo ndani.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana mahali pa kuiweka mbinu hii. Shaaban Robert alibuni Kusadikika (1951), nchi inayoelea angani, ili apate pa kusimama anapoihukumu nchi iliyo ardhini. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alilificha jibu la fumbo ndani ya jina la kitabu: wale ni sisi. Sim ni ndugu wa kazi hizo kwa upande wa fani. Hata hivyo, kuna tofauti. Shaaban Robert hutumia hotuba. Kesi ya Kusadikika hushindwa au hushinda kwa nguvu ya maneno. Alassane hana hotuba. Hoja yake imo katika mwendo: namna tumbo la rais linavyotangulia miguu, namna shingo isiyokuwapo inavyojaribu kuinuka kwa adhama. Umbile la chura lenyewe ndilo hoja.

Tusimsifu kupita kiasi. Filamu ya dakika tano ina mipaka. Bon voyage Sim inajua kucheka anguko la mtawala, lakini haijishughulishi na swali la nini huja baadaye. Historia ya Uganda baada ya Januari 1971 inatufunza kwamba swali hilo si dogo. Hurafa ina hulka hii ya kufunga mlango mara tu funzo linapotolewa, na Alassane amerithi nguvu ya utanzu huu pamoja na kasoro yake.

5. Ufukara wa zana na mantiki ya fani

Wanaomsifu Alassane hawaachi kutaja kwamba alifanya kazi kwa zana haba. Sifa hii ina hatari yake, kwani yaweza kugeuka huruma: kwamba filamu zake ni nzuri "ukizingatia hali". Uhakiki unaoanza na huruma huishia kwenye dharau.

Tuzingatie hesabu. Filamu hupita mbele ya macho kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Filamu ya dakika tano ina sekunde 300, yaani picha 7,200. Hata kila hatua ikipigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, bado zinahitajika hatua 3,600 tofauti. Katika studio kubwa kazi hiyo hugawanywa miongoni mwa makumi ya watu: huyu huchora, yule hupaka rangi, mwingine hushughulikia mandhari. Mtu anayefanya karibu yote peke yake hana budi kuchagua. Hulazimika kuamua ni mwendo upi unaostahili kuchorwa na upi unaweza kurudiwa.

Ni hapo hasa ambapo uhaba unageuka fani. Mtengenezaji wa vibonzo anayebana matumizi hurudia mzunguko ule ule wa picha: hatua zile zile, makofi yale yale. Kwa jicho lililozoea vibonzo vya Marekani huo ni upungufu. Kwa sikio lililozoea ngano, hiyo ni takriri. Mtambaji hurudia kiitikio, hurudia maneno ya mhusika, hurudia safari ya mtoni mara tatu, na hadhira haichoki kwa sababu marudio hayo ndiyo yanayoijengea matarajio. Umati wa vyura unaposhangilia kwa mwendo mmoja usiobadilika, marudio yanasema jambo ambalo maneno yasingelisema vizuri zaidi: kwamba shangwe hizo ni za mazoea, kwamba wangemshangilia yeyote. Mbinu na maudhui zimekutana mahali pamoja.

Katika Samba le Grand na baadaye Kokoa, Alassane alitumia vikaragosi. Ya kwanza inatokana na masimulizi ya kishujaa ya Afrika Magharibi kuhusu Samba na binti mfalme aliyemtwisha majaribu makubwa. Ya pili inaonyesha mchezo wa mieleka ya jadi ya Niger ukichezwa na wanyama, vyura na kinyonga wakiwamo. Kati ya Sim na Kokoa kuna miaka 35, na bado chura yupo. Jambo hili si uvivu wa kubuni. Mtambaji huwa na wahusika wake wa kudumu, na hadhira humjua sungura kabla kisa hakijaanza. Alassane alikuwa akifanya kazi kwa kanuni hiyo: alijenga hadhira inayomfahamu chura wake, ili kila filamu mpya ianzie pale nyingine ilipoishia.

Je, uhuru huu ulikuwa kamili? La. Alifunzwa na Mfaransa, akasafiri hadi Kanada, na Toula ilitengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani, akiwa na Anna Soehring kama mwongozaji mwenza. Mwenye kutaka usafi wa asili hataupata. Lakini twaweza kuuliza swali bora zaidi: baada ya msaada kupokelewa, ni nani aliyeamua chura avae nini na acheke lini? Katika filamu fupi za vibonzo jibu liko wazi. Udogo wa kazi ndio uliomlinda. Kazi inayoweza kukamilishwa mezani na mtu mmoja haina haja ya kumwomba mtu ruhusa.

6. Makauboi wa Sahel

Le Retour d'un aventurier si filamu ya vibonzo, lakini bila hiyo tathmini hii ingekuwa pungufu. Kijana anarejea kutoka Marekani akiwa na masanduku ya mavazi ya makauboi, anawagawia rafiki zake, nao wanageuka genge. Wanapanda farasi katika mbuga za Niger, wanagombana, wanaiba, na mchezo unaishia kwenye damu. Serge Moati alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu utayarishaji wake, Les cow-boys sont noirs.

Mwaka 1966 ndio mwaka ambao shirika la uchapishaji la Nairobi, East African Publishing House, lilitoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek. Kazi hizi mbili zinazungumzia kidonda kimoja: kijana wa Kiafrika aliyerudi na vazi la ugenini na sasa haoni vyema nyumbani kwao. Lakini zinakishika kwa mikono tofauti. Lawino anaomboleza na kukejeli akiwa nje ya vazi hilo. Ocol ndiye aliyelivaa. Katika filamu ya Alassane kamera imepanda farasi pamoja na vijana. Inafurahia kofia, inafurahia mbio, na kwa muda mtazamaji naye anafurahia. Vijana wa Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, walikuwa wamekwisha kujiita Bills katika muongo wa 1950 baada ya kutazama filamu za Buffalo Bill. Alassane hakubuni kiwewe hicho. Alikielewa kutoka ndani, na ndiyo maana maonyo yake yanasadikika. Mwalimu ambaye hajawahi kutamani kofia ya kauboi hawezi kumwonya kijana anayeitamani.

Kwa jicho la mtengenezaji wa vibonzo, hata filamu hii ni ya vikaragosi. Vazi linamwendesha mvaaji. Wanapolivaa, mwendo wao hubadilika, mabega hubadilika, na hukumu yao hubadilika. Ni jambo lile lile lililompata Sim: suti na gari la kifahari ndivyo vinavyotawala, naye chura yumo ndani akibebwa.

7. Mwanamke katika orodha

Sasa tufike mahali ambapo sifa zetu zinapungua. Jina FVVA ni ufupisho wa maneno manne ya Kifaransa: mwanamke, gari, jumba, pesa. Filamu inamfuata karani kijana anayesukumwa na matarajio ya jamaa na tamaa ya mji hadi anakula fedha za umma na kuishia gerezani. Kama tashtiti ya tabaka jipya la watumishi wa serikali, filamu hii ni kali, na mkazi yeyote wa Nairobi ataitambua bila mkalimani. Lakini tazama orodha. Mwanamke ametajwa wa kwanza miongoni mwa bidhaa. Filamu inakusudia kuikejeli orodha hiyo, ila haimpi mwanamke mahali pa kusimama nje yake. Ama ni mke aliyechaguliwa na wazazi, ama ni kishawishi cha mjini. Kejeli inayomkejeli mnunuzi na kuiacha bidhaa ikiwa bidhaa imefika nusu ya njia.

Linganisha na Toula. Filamu hii inatokana na masimulizi yaliyoandikwa na Boubou Hama, msomi na mwanasiasa wa Niger, nayo ilitoka mwaka 1973 wakati Sahel ilikuwa katika ukame uliodumu tangu mwishoni mwa muongo wa 1960. Msichana Toula anatakiwa atolewe kwa zimwi la maji ili mvua inyeshe. Kijana anayempenda anakwenda kutafuta maji, na anaporudi na habari njema amechelewa. Msomaji wa Kenya atakumbuka mara moja "The Rain Came" ya Grace Ogot, ambamo Oganda anapelekwa ziwani kwa sababu hiyo hiyo. Ogot anamruhusu Osinda amfikie Oganda kwa wakati, na mvua inanyesha hata hivyo. Mwandishi mwanamke amelihoji sharti lenyewe la kafara. Alassane anaacha kafara ikamilike, na uchungu wa filamu umo katika ule ubatili: maji yalikuwako, yangetafutwa mapema. Kwa hiyo Toula ni shutuma dhidi ya uzembe wa watawala wakati wa njaa, na kwa hilo ni kazi ya ujasiri. Lakini Toula mwenyewe anabaki kuwa gharama ya somo wanalofunzwa wengine.

Hoja hii si ya kiwambo pekee. Zalika Souley, aliyemcheza kauboi wa kike katika Le Retour d'un aventurier na kushiriki pia katika FVVA, alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza mashuhuri wa kike wa sinema ya Afrika Magharibi. Jamii iliyomtazama ilimchanganya na wahusika aliowaigiza, ikamtupia lawama zilizowahusu wahusika hao. Alifariki mwaka 2021. Rahmatou Keïta, mtengenezaji wa filamu mwanamke kutoka Niger hiyo hiyo, alimtengenezea filamu ya hali halisi, Al'lèèssi... une actrice africaine (2004). Tunapohesabu mafanikio ya Alassane yatupasa kuihesabu filamu hiyo ya Keïta pia, kama deni ambalo mwingine alililipa.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Moustapha Alassane anastahili kusomwa, na kwamba kumsoma ni tofauti na kumpongeza. Amethibitisha kuwa hurafa si utanzu wa watoto wala masalio ya zamani. Amethibitisha kwamba mbinu za mtambaji, yaani takriri, mhusika wa kudumu na mnyama kama hali, zinaweza kukaa ndani ya utepe wa filamu bila kupoteza nguvu zake. Amethibitisha pia kwamba udogo wa zana, mikononi mwa mtu anayejua anachotaka kusema, huweza kuwa kinga ya uhuru. Alipopungukiwa, alipungukiwa kama walivyopungukiwa wengi wa kizazi chake: aliona vyema ubatili wa mtawala kuliko kimya cha mwanamke.

Kwetu Kenya suala hili halipo mbali. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichorwa Nairobi kwa mtindo unaotokana na uchoraji wa Edward Tingatinga wa Tanzania. Ilitoa ajira na ujuzi kwa vijana wengi, lakini ilikuwa kazi ya ubia na kampuni ya Uingereza. Mwaka 2012 Ng'endo Mukii alitoa Yellow Fever, filamu fupi ya majaribio inayochanganya vibonzo na mwili halisi ili kulichunguza tatizo la wanawake kujichubua ngozi. Ni vigumu kutoona kwamba mwanamke aliyekuwa katika orodha ya Alassane hapa ameshika kamera. Wachoraji wapo, watambaji wapo, na zana zilizomgharimu Alassane miezi ya kazi sasa zinapatikana katika meza ya mwanafunzi. Kinachokosekana ni uhakiki wenye uwezo wa kuwatambua.

Idara zetu zina uwezo huo. Dhana tunazozihitaji, kuanzia hurafa na tashtiti hadi taashira na takriri, tumekuwa tukizifundisha kwa miaka. Linalobaki ni kuzitoa darasani na kuzipeleka mbele ya kiwambo. Tusipofanya hivyo, chura ataendelea kukaa Ikulu, naye mwanafunzi wetu atamtazama akidhani ni katuni ya watoto.